Jitolee Kwanza: Ni Lini Kujitolea Kunakuwa Ajira Mbele ya Sheria

"Jitolee kwanza, tutakuangalia." Maneno haya yamewapokea vijana wengi wa Kakamega kwenye malango ya zahanati, shule za watu binafsi, mashirika ya kijamii na hata afisi za umma. Aliyemaliza chuo hukubali kwa sababu hana pengine pa kuanzia. Huripoti saa mbili asubuhi, huonyeshwa meza, hukabidhiwa ufunguo wa stoo. Mwezi wa kwanza hupewa nauli tu. Kufikia mwezi wa nne anatumiwa shilingi 6,000 kwa M-Pesa, bila maelezo, na mwezi unaofuata vivyo hivyo. Mwaka wa pili ukiisha anaambiwa muda wake wa kujitolea umefika kikomo, arudishe ufunguo. Hapo ndipo anapoanza kuuliza alikuwa nani mahali pale.

Swali hilo ndilo hutangulia mengine yote katika mizozo ya namna hii. Chini ya Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, mwajiriwa hawezi kuachishwa kwa utovu wa nidhamu au uzembe bila kuelezwa kosa lake na kusikizwa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama pembeni yake ikiwa atataka. Ana haki ya notisi, likizo ya angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, cheti cha huduma anapoondoka, na akiachishwa isivyo haki mahakama inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Mtu wa kujitolea hana hata moja kati ya hayo kwa mujibu wa sheria hiyo. Ndiyo maana wakili wa upande wa pili, kabla hajagusa kama ulisikizwa au la, atasimama na kusema: huyu hakuwa mfanyakazi wetu. Akishinda hapo, madai yako ya kuachishwa isivyo haki yamekwisha.

Basi sheria inamtambuaje mfanyakazi? Kifungu cha 2 kinasema ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, na kinawaingiza pia wanagenzi na wanaofundishwa kazi chini ya mkataba wa mafunzo. Mkataba wenyewe si lazima uandikwe ndipo uwepo. Unaweza kuwa wa mdomo, na unaweza pia kutokana na mwenendo wa pande mbili bila yeyote kutamka neno "ajira". Wengi hawalijui hili. Wanakaa kimya kwa kuwa hawakupewa barua, wakidhani pasipo barua hapana kesi. Sheria inasema mkataba wa muda unaofika miezi 3 au zaidi ni lazima uwekwe kwa maandishi, lakini jukumu la kuuandaa limetwikwa mwajiri. Asipoweza kuuonyesha mahakamani, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa.

Hapa pana mtego ambao umewaangusha wengi. Mzigo huo humgeukia mwajiri katika masharti: mshahara ulikuwa kiasi gani, saa za kazi zilikuwa ngapi. Kwamba uhusiano wa ajira ulikuwepo tangu mwanzo ni jambo unalopaswa kulithibitisha wewe unayedai. Ukifika mbele ya hakimu na maneno matupu, kutokuwepo kwa barua hakutakuokoa. Kesi ya Krystalline Salt, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, ilikuwa ya wafanyakazi wa kiwanda cha chumvi kule Pwani waliodai kwamba kazi yao ya miaka ilikuwa imegeuka kuwa ajira ya kudumu. Mahakama iliona walikuwa wakilipwa kwa kiasi cha kazi waliyoifanya, na ushahidi wa kuonyesha vinginevyo haukutosha. Walishindwa. Watu hao hawakuwa wa kujitolea, walikuwa wakilipwa. Ikiwa hata wao walidaiwa ushahidi, anayeitwa mtu wa kujitolea atadaiwa zaidi.

Mahakama haiishii kwenye jina

Habari njema ni kwamba jina lililoandikwa juu ya karatasi halimalizi mambo. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake nambari 198 la mwaka 2006, linasema uhusiano wa ajira utambuliwe hasa kwa kutazama jinsi kazi ilivyofanywa na jinsi mtu alivyolipwa, hata kama pande hizo mbili ziliupa jina jingine. Mahakama za Kenya zina mizani yake, ambayo sehemu yake ilirithiwa kutoka Uingereza katika kesi ya Ready Mixed Concrete ya 1968, na ikaelezwa hapa nyumbani katika kesi kama ile ya Alfajiri Villas ya mwaka 2014. Jaji hutazama nani alikuwa akiamua kazi ifanywe vipi na lini. Hutazama kama ulikuwa sehemu ya shirika lenyewe au msaidizi wa pembeni, nani alileta vifaa, nani angepata hasara kazi ikiharibika. Halafu hutazama jambo ambalo katika kesi za kujitolea huwa kiini: je, mlifungana? Wewe ulilazimika kufika, na wao walilazimika kukupa kazi na kukulipa?

Jirani zetu wa Tanzania wameliweka hili wazi kuliko sisi. Kifungu cha 61 cha Sheria yao ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mfanyakazi, hadi ithibitishwe vinginevyo, pakiwepo hata moja kati ya mambo kadhaa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anamtegemea kwa riziki, anapewa vifaa na yeye, au hamfanyii kazi mtu mwingine. Kenya haina kifungu kama hicho, na naona hilo ni pengo linalowaumiza wanyonge. Hata hivyo orodha hiyo ni kioo kizuri cha kujitazamia. Ukijikuta katika mambo matano au sita kati ya hayo, usikubali haraka kwamba ulikuwa unajitolea tu.

Yupo mtu wa kujitolea wa kweli, naye anastahili heshima yake. Anayejiunga na kikundi Jumamosi kupanda miche kando ya Msitu wa Kakamega, akikosa Jumamosi ijayo hakuna wa kumwandikia barua ya onyo. Daktari mstaafu anayekwenda kituo cha watoto Malava mara moja kwa mwezi huenda kwa hiari yake na hurudi kwa hiari yake. Kiongozi wa kituo hawezi kumwambia, "Kesho usipofika utakatwa." Tofauti iko hapo hasa. Palipo na kukatwa, kuonywa, kuombewa ruhusa na kujaziwa fomu ya likizo, hiari imeshaondoka.

Pesa ndiyo huchanganya watu zaidi. Kupewa pesa peke yake hakukufanyi mwajiriwa. Ukitoka Butere kuja mjini na shirika likakurudishia nauli uliyotumia, huo si mshahara, ni kurudishiwa chako. Lakini ukilipwa kiasi kilekile kila mwezi, hata mwezi ambao hukupanda gari, na kikapunguzwa siku ulizokosa, hiyo ina sura ya mshahara hata ikiitwa marupurupu. India ililipima jambo hili katika mahakama yake ya juu kabisa. Tarehe 25 Aprili 2022 ilikuwa mbele yake kesi ya wanawake wanaohudumu katika vituo vya kijiji vya kulea watoto na akina mama, ambao serikali ilikuwa imesisitiza miaka mingi kwamba wanapokea shukrani tu, si mshahara. Mahakama ilisema malipo hayo ni ujira kwa maana ya sheria ya kiinua mgongo, na kwamba wana haki ya kiinua mgongo hicho. Uamuzi huo haufungi mahakama ya Kenya. Wakili wako anaweza kuusoma mbele ya hakimu kama hoja ya kushawishi.

Upande wa pili wa mizani upo pia, na ni vyema kuujua kabla ya kuingia kortini. Mwezi Desemba 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mwanamke aliyekuwa akijitolea katika afisi ya ushauri kwa raia huko Mid Sussex. Alidai aliondolewa kwa ubaguzi uliotokana na hali yake ya afya. Alikuwa akihudumu siku kadhaa za wiki, lakini hakulipwa, angeweza kukosa bila kuadhibiwa, na karatasi aliyotia sahihi ilisema wazi kwamba si mkataba wa kisheria. Alishindwa. Mazoea ya kufika kazini, hata yakiwa marefu, hayatoshi pasipo kufungana na pasipo malipo.

Wahudumu wa afya ya jamii

Hakuna kundi linaloonyesha ugumu wa jambo hili Kakamega kama wahudumu wa afya ya jamii. Hawa ndio wanaobisha hodi Navakholo, Shinyalu, Matungu na Khwisero, wakiuliza kama mama mjamzito ameenda kliniki, kama mtoto amechanjwa, kama mzee anakunywa dawa zake za presha. Kaunti ilipoanzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao wengi waliuita Oparanya Care, mafanikio yake yalitegemea akina mama kufika kliniki, na wa kuwafikia manyumbani ni wahudumu kama hawa. Kwa miaka waliitwa watu wa kujitolea. Mwaka 2023 wakapewa jina jipya la wahamasishaji wa afya ya jamii. Tarehe 25 Septemba mwaka huo Rais William Ruto alizindua ugawaji wa mikoba ya vifaa vya kazi kwa takriban wahudumu 100,000 kote nchini, na tarehe 19 Oktoba akatia sahihi Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi iliyowapa nafasi katika mfumo rasmi. Marupurupu yaliyoafikiwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali ya Kitaifa na nusu kutoka kaunti.

Wapime kwa mizani ya mahakama. Wamepangiwa kaya za kutembelea. Wanaandika ripoti kwenye simu waliyopewa na serikali. Wana afisa wa afya anayewasimamia, ambaye yeye ni mwajiriwa mwenye mshahara. Kazi yao si ya pembeni, ndiyo mlango wa mfumo mzima. Kwa hayo wanaonekana waajiriwa. Lakini hawana saa maalumu za kuripoti, wengi wanaendelea na kilimo au biashara zao, walichaguliwa na jamii vijijini, na sheria yenyewe inataja malipo yao kwa jina tofauti na mshahara. Shilingi 5,000 hazifiki kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida hata katika maeneo ya mashambani, ambacho tangu nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024 kimepita shilingi 8,500. Linabaki pia swali la nani mwajiri. Chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kuajiri ni kazi ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kwa nafasi zilizotangazwa na kushindaniwa. Kaunti ikishtakiwa itauliza barua ya bodi iko wapi, na hoja hiyo ina uzito.

Kwa maoni yangu, kama sheria ilivyo sasa, mhudumu anayeenda kortini kudai yeye ni mwajiriwa wa kaunti anapanda mlima mrefu. Lakini anayedai marupurupu aliyoahidiwa na hakulipwa anasimama mahali imara zaidi, kwa sababu ahadi ya malipo kwa kazi iliyofanywa hudaiwa hata bila mkataba wa ajira. Aanze kwa kuomba kumbukumbu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka afisi ya umma, na afisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ombi la maandishi la kuonyeshwa orodha ya wahudumu wa wadi yako na miezi iliyolipwa ni hatua isiyohitaji wakili, na jibu lake linaweza kuwa ushahidi. Kumpa mtu kijiji kizima alinde afya yake, kumdai ripoti kila mwezi, kisha kumlipa kwa kuchelewa na kumwambia alijitolea, si haki. Bunge na mabunge ya kaunti ndiyo yenye uwezo wa kurekebisha hilo.

Walimu wako katika mzozo wa aina yake. Tarehe 17 Aprili 2024 Jaji Byram Ongaya wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, Nairobi, aliamua kwamba Tume ya Huduma kwa Walimu haikuwa na mamlaka ya kisheria ya kuwachukua walimu waliohitimu na kusajiliwa kama wanagenzi, wakiwemo maelfu waliokuwa wakifundisha sekondari msingi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa mwalimu wa Kakamega, maana yake ni kwamba mtu aliyehitimu na anayebeba kazi kamili hawezi kugeuzwa mwanafunzi kwa kubadilishiwa jina. Mwalimu aliyechukuliwa na bodi ya shule ana njia nyingine: mwajiri wake ni bodi, na akidai aidai bodi, si tume.

Ukiumia

Hili lisisubiri mzozo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inamlinda mwajiriwa, pamoja na mwanagenzi. Mtu wa kujitolea hayumo. Mhudumu anayeanguka na bodaboda njiani kuelekea Likuyani, au kijana anayedungwa na sindano chafu akisafisha zahanati, hawezi kupata fidia hiyo bila kuonyesha kwamba alikuwa mwajiriwa. Hii haimaanishi kwamba hana lolote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inawataka wenye mahali pa kazi wawalinde hata wasio waajiriwa, na kwa uzembe uliomuumiza anaweza kudai fidia kama raia mwingine yeyote. Anayesumbuliwa kingono ana njia ya polisi, awe ameajiriwa au la. Lakini njia hizo zinahitaji uthibitishe uzembe au kosa la mtu, mambo ambayo mwajiriwa katika mfumo wa fidia kwa kawaida hahitaji kuyathibitisha. Kabla ya kukubali kujitolea, uliza: nikiumia hapa, nani atanitibu? Jibu liandikwe.

Ushahidi, afisi na muda

Wengi hupoteza kesi wakiwa bado kazini, kwa kutoweka chochote. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi na uombe taarifa kamili ya akaunti yako. Picha ya ratiba ya zamu yenye jina lako, kitambulisho cha kazi, ujumbe wa WhatsApp wa bosi akikuagiza au kukukaripia kwa kuchelewa, fomu ya ruhusa, barua iliyokutambulisha benki au kwa wafadhili: hivyo ndivyo vitu vinavyosema mbele ya hakimu. Makato ya NSSF au ya afya yakionekana kwa jina la shirika, ni ushahidi mzito sana. Andika majina ya wenzako waliokuona ukifanya kazi. Na usitie sahihi karatasi inayoletwa siku ya mwisho ikisema kwamba muda wote ulijitolea bila kudai chochote. Omba uende nayo nyumbani ukaisome.

Sheria ya Ajira pia ina kifungu cha 37 kinachotajwa sana mitaani: kibarua wa siku aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazojumlika kuwa si chini ya mwezi mmoja, au kazi ambayo haingetarajiwa kumalizika kabla ya jumla ya miezi 3, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kinamsaidia aliyekuwa akilipwa. Asiyelipwa kabisa hakimfikii.

Hatua ya kwanza ni afisi ya leba ya kaunti mjini Kakamega, ambako huhitaji wakili. Afisa wa leba anaweza kumwita mwajiri na kuwapatanisha. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yapelekwe kwake ndani ya miezi 3. Mambo yakishindikana, kesi ya anayelipwa mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi inaweza kusikizwa na hakimu aliyeteuliwa kwa kesi za ajira, na kwa wengi wetu hiyo inatosha. Mishahara ya juu zaidi huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye vituo katika miji kama Kisumu na Bungoma. Aliyekuwa mtu wa kujitolea waziwazi, anayedai pesa alizoahidiwa tu, aulize pia kuhusu mahakama ya madai madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Mashirika nayo yana kazi yao. Kama mnahitaji mtu afike kila siku, atumikie zamu na awajibike kwa mali, mwajirini, hata kwa mkataba wa miezi 6. Kama kweli ni kujitolea, andikeni hivyo kabla hajaanza, rudisheni gharama kwa risiti badala ya kulipa kiasi cha mkupuo, mwacheni akatae zamu bila adhabu, na mkatieni bima ya ajali. Barua ya kujitolea inayofuatwa na daftari la mahudhurio na makato ya kuchelewa haitawalinda.

Muda wa kufungua kesi ya ajira ni miaka 3 tangu siku sababu ya madai ilipotokea, na mahakama hazina uwezo wa kuuongeza. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi saa hiyo, wala ahadi kwamba utarudishwa bajeti mpya ikipita. Ukienda afisi ya leba, peleka nakala za karatasi zako, zile asili zibaki kwako, na omba nakala ya malalamiko yako ipigwe muhuri wenye tarehe kabla hujatoka mlangoni.